Madoa Yasiyotoka kwa Tapentaini

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bwana Rangi, maana ni nadra kukuta bango la duka au kibao cha kinyozi ambacho hakukichora yeye. Alikuwa mtu wa mawazo ya mbali. Akiwa na brashi mkononi, wateja walimwita mara tatu ndipo aitike, na hata akiitika, macho yalibaki kwenye herufi.

Kwa hiyo alipoona vidoa vya zambarau kwenye miundi, alijua ni rangi tu. Akavisugua kwa tapentaini, dawa yake ya kuoshea brashi. Ngozi iliwaka moto, vidoa vikabaki palepale. Kulipokucha vilikuwa vimepanda hadi mapajani, vidogo vidogo kama manyunyu.

"Kaka, hiyo si rangi," alisema dada yake mdogo, aliyehamia kwake tangu afiwe na mke. "Na mswaki wako una damu. Leo tunakwenda hospitali, utake usitake."

"Mbona siumwi?"

"Vaa viatu."

Hospitalini walimpima damu, wakampa kitanda papo hapo. Chembe za kugandisha damu, ambazo hazipaswi kushuka chini ya laki moja na nusu, kwake zilikuwa elfu tisa. Daktari, binti mpole mwenye sauti ya chini, akamwanzishia vidonge na kuagiza kipimo kingine.

"Tunatafuta kingamwili, mzee wangu. Kazi yake ni kukulinda na maradhi, lakini nahisi yako imezigeukia chembe zako mwenyewe. Tukiikuta, tutakuwa na uhakika zaidi. Tusipoikuta, haitakuwa na maana kwamba huna ugonjwa huu."

Siku nne alilala kando ya dirisha. Mwanga wa mchana uliingia taratibu, ukatambaa juu ya shuka, naye akaona herufi zikielea ukutani, zikijipanga kuwa maneno asiyoyajua. Hakuogopa. Alijihisi mwepesi, kama nguo iliyoachwa kambani.

Siku ya tano daktari alirudi na karatasi.

"Imeonekana. Imezing'ang'ania chembe, mwili unazimeza."

"Kumbe najila mwenyewe?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka ghafla. Dada yake akamshika mkono, kwa wepesi, asije akamwachia alama.

Vidonge vilimtia njaa ya ajabu na kumvimbisha uso. "Umekuwa duara, kaka," dada alimtania. Lakini chembe zilipanda: elfu thelathini, elfu themanini, laki moja na elfu kumi. Dawa ilipopunguzwa zilishuka tena kidogo, kisha zikatulia.

Mwezi wa nne wa matibabu aliruhusiwa kupanda ngazi. Dada aliishika kwa mikono miwili, akinung'unika. Juu, Bwana Rangi alikuwa akiandika neno moja tu, MIKATE, kwenye bango la duka jipya, na jua lilishafika utosini.

"Shuka ule!"

"Ngoja," alisema polepole, macho kwenye herufi ya mwisho, rangi yake bado mbichi. "Hii E bado inapumua."