Felista na Kitanda cha Mionzi

Kama umewahi kununua chungu cha Ikombe, kijiji chetu cha Kyela, kile kinachovushwa ziwani kwa mtumbwi hadi gulioni, huenda umeshika kazi ya Felista bila kumjua. Sogea basi nikusimulie habari zake, maana mama huyu amenishangaza.

Mwaka jana maumivu yalimshika tumboni yakatokezea mgongoni. Akasema ni kuinamia udongo tu. Mumewe, Hezroni, akawa anamkanda kwa maji ya moto. Lakini mwili ulizidi kwisha, ikafika mahali hawezi kulala chali wala ubavu. Alisinzia akiwa amekaa, kifua amekiegemeza kwenye mto mapajani.

Mbeya wakampima, wakakuta saratani ya kongosho. Daktari hakumficha.

"Uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, mama. Hatuwezi kupasua. Kuna mionzi. Haitaumaliza, ila inaweza kuunyong'onyeza na kutuliza maumivu."

"Nitalala?"

"Hicho ndicho tunachokitafuta."

"Basi nipelekeni."

Akaenda Dar es Salaam na binti yake Asifiwe, wakafikia kwa Prisca, shangazi yake Felista. Sasa, watu wa Kyela mnatujua. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na yeye harudishi bakuli la mgeni bila kuonja. Habari zikasambaa kwa simu, na asubuhi ya siku ya kwanza ya mionzi wakafika na ndizi za nazi, wali wa mchele wa nyumbani, samaki wa kukaanga. Felista akaonja la huyu, akaonja la yule.

Hospitalini akalazwa chali kwenye kitanda cha mashine, mikono juu ya kichwa, meno ameyauma kwa maumivu. Nasibu, mtaalamu wa mionzi, akapiga kwanza picha ya kuhakiki. Akarudi akitikisa kichwa.

"Mama, si tulikubaliana uje tumbo tupu?"

"Nimeonja tu, mwanangu."

"Umeonja sufuria nzima! Tumbo limejaa, limeingia kwenye njia ya mionzi. Leo sipigi, nitakuunguza bure."

Felista alilia. Mateso yote yale ya kulala chali, na mashine haikuwashwa.

Jioni akawakusanya wageni sebuleni. "Ndugu zangu, ndaga, asanteni kwa chakula. Lakini kuanzia kesho, kabla sijarudi hospitali, sigusi bakuli la mtu."

Prisca akainuka. "Hee! Umekaa mjini wiki hata haijaisha, umeshajua kukataa mkono wa shangazi yako?"

"Mkono wako siukatai, shangazi. Njoo nao hospitali, unisubiri mlangoni. Nikitoka nakula mpaka wewe mwenyewe uniombe niache."

Watu wakacheka, na Prisca naye akashindwa kununa. Kesho yake alikuwa kwenye benchi la nje, bakuli limefungwa kitenge, akimkaripia kila mtu wa kwetu aliyekaribia na chakula: "Wewe! Unataka mtoto wangu aungue?"

Ndani, Felista alipambana na kitanda kile. Nasibu alimwambia kwa kipaza sauti ashike pumzi asitikisike, na akamshangaa.

"Wengi huwa wanahangaika, mama. Wewe umejifunzia wapi?"

"Ukisawazisha mdomo wa chungu huku unahema, unaupinda."

Siku nyingine alitapika njia nzima ya kurudi. Siku nyingine Asifiwe alimsihi waache, warudi nyumbani. "Nikirudi nyumbani nitakaa vilevile na mto wangu," akamjibu, na asubuhi akawa wa kwanza kuvaa viatu. Akaumaliza mzunguko wote wa mionzi.

Uvimbe bado upo, na yeye anajua. Huwa anasema hivyo bila kupunguza sauti. Lakini wiki chache baada ya kurudi Ikombe, majirani na ndugu wa vijiji vya mbali walikwenda mchana kumsalimia, wakamkuta Hezroni amesimama ameuziba mlango.

"Mwamshe atuone, tumetoka mbali," akasema mmoja.

"Simwamshi."

"Kwani amesinzia na mto wake?"

"Amelala," akasema Hezroni. "Chali."

Wakavua viatu. Wakachungulia mmoja mmoja, kisha wakaondoka wakinyata, hata waliotoka mbali.