Kahawa Iliyopanda Jiwe

Longino Rwekaza ni fundi wa madirisha ya alumini hapa Kirumba. Ni Mhaya wa Muleba, na kama hukujua hilo, subiri kidogo, atakwambia mwenyewe. Ndiye aliyefunga madirisha ya nyumba yangu, hii iliyokaa juu ya jiwe kama kofia kichwani. Kazi ya siku mbili aliifanya wiki nzima. Mimi nikadhani ni uzembe, kumbe kila alipopima dirisha jicho moja lilikuwa kwa mdogo wangu Sabina, mwalimu wa darasa la tatu, na Sabina naye wiki ile akawa hatoki barazani.

Nampenda Longino, niseme mapema. Anacheka kwa sauti, na hajawahi kunidanganya kuhusu kioo. Lakini ana gari. Si gari la kupanda watu. Ni kigari cha rimoti, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, chenye matairi manene, na kazi yake ni kupanda mawe tu. Jumapili baada ya misa, wenzake wakienda uwanjani kutazama mpira, yeye yuko mlimani anakibembeleza: "Polepole, baba. Polepole."

Habari za kigari zilimfikia mama yetu huko Magu kabla ya habari za posa. Akapanda basi akaja, na khanga yake imefungwa kiunoni kwa ugomvi.

"Mwanamume mzima anachezea kigari," alisema hata kabla ya kunywa maji. "Sabina, huyu atakuoa au utamlea?"

Mama si wa kuchezea. Alimfukuza mchumba wa kwanza wa Sabina kwa sababu jamaa alikula ugali kwa kijiko.

Mtu mwingine angeomba radhi. Longino alijisifu. "Dada Paskazia," akaniambia, "kwetu mgeni wa heshima hupewa kahawa ya kutafuna. Na kwenu Magu mkwe hampi mama mkwe kitu mkono kwa mkono, wala hamtazami usoni. Sawa. Mama akae pale juu ya jiwe. Kahawa yangu itapanda yenyewe mpaka miguuni pake."

Maneno hayo nilimfikishia mama kama yalivyo, na chumvi kidogo.

"Ikifika nitaitafuna, na Sabina ni wake," mama akajibu. "Isipofika, arudi Muleba na kigari chake."

Sabina aliacha kula. Alikuwa anampenda yule mtu kwelikweli, na jiwe letu alilijua. "Dada, lile hata mbuzi wanalizunguka."

Bahati ilikuwa kwamba Longino alikuwa ameagiza vifaa vipya, na vilikwishafika. Jumamosi asubuhi alikaa chini ya jiwe, akatandika gunia, akakivua kigari miguu yote minne. Zikatoka shokapu fupi za plastiki, zikaingia ndefu za alumini, zenye mafuta ndani na springi nyekundu. Kisha usukani: ile fimbo ya zamani inayounganisha matairi ya mbele ilikuwa laini, tairi likigonga jiwe fimbo inapinda na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Mpya ilikuwa ya chuma. Longino aliibusu, nilimwona. Akakaza skrubu, akazikaza tena, akajipangusa jasho, akazikaza mara ya tatu.

Jioni majirani walijaa. Mama alikaa juu kwenye mkeka, miguu mbele, uso wa hakimu, Sabina kando yake. Longino alisimama chini, macho ardhini, akapiga shikamoo iliyosikika hadi sokoni Mwaloni. Kwenye kigari alikuwa amefunga kifurushi cha jani kavu la mgomba, ndani yake kahawa aliyotumiwa na mama yake, Kokulinda.

Kigari kikaondoka kwa mbwembwe. Kilipofika kwenye mwinuko wa kwanza kikanyanyua mguu mmoja juu, kama mbwa kwenye nguzo, kikabaki hivyo hivyo.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama alicheka kuliko wote, na Sabina akashuka lile jiwe mbio, viatu mkononi. Alikishika kigari, akakikandamiza kwa kiganja. Hakikubonyea hata kidogo.

"Longino! Umekifunga kama dirisha!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa fundi wa madirisha kinachotikisika ni aibu, kwa hiyo kila kiungo alikuwa amekikaza mpaka kimekuwa mfupa mmoja. Masikini, alinyong'onyea. Akatoa bisibisi, akalegeza huku na huku, na nadhani moyo ulimuuma kwa kila skrubu. Alipomaliza, ukikigusa kigari kinacheza mabega kama bibi harusi.

Safari ya pili ilikuwa nyingine kabisa. Tairi moja linapanda, jingine linashuka, tumbo limetulia, na usukani haupindi. Mwinuko wa kwanza kikapita. Ufa mkubwa kikapita! Mimi nilikuwa nimemshika mkono jirani nisiyeelewana naye.

Hapo ndipo adabu ilipoleta taabu. Kigari kilikaribia miguu ya mama, na ukikitazama kigari unamtazama mama. Longino, mtu wa watu, akageuka akampa jiwe mgongo, akaendelea kuendesha bila kuona.

Mama, ambaye kwa mila naye hamsemeshi mkwe moja kwa moja, aliinama kwa Sabina aliyekuwa amerudi kando yake. "Sabina, mwambie aende kulia."

"Kulia!" Sabina akapaza sauti.

Kigari kikaenda kulia kwake chenyewe, ambako ni kushoto kwa mama, ukingoni kabisa.

"Siyo huko! Mwambie kulia kwangu!"

"Kulia kwake, Longino!"

"Kulia kwake nani?"

Tairi la mbele likaning'inia hewani. Mama akasimama, khanga ikadondoka, hakuiokota. Alisahau Magu, alisahau ugali na kijiko, akapiga kelele yeye mwenyewe:

"Upande wa jiko, mkwe! Kata upande wa jiko, mkwe wangu!"

Jiko alilijua, dirisha lake alilifunga yeye. Akakata. Kigari kikajivuta kikarudi kwenye jiwe, lakini vigelegele vilikuwa vimeshapasuka kila pembe, maana neno "mkwe" tulilisikia wote. Longino naye alilisikia. Akarusha mikono juu, rimoti ikaruka, na kigari kikapinduka chali hatua moja kutoka kwenye mkeka, matairi yakizunguka bure, kahawa imetawanyika juu ya jiwe.

Longino bado katupa mgongo, masikio yamemsimama.

"Imefika?" akauliza.

Mama alijifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipoviondoa nikaona ni kicheko. Akapiga hatua ile moja, akakiweka kigari juu ya matairi yake, akaokota punje moja ya kahawa, akaifuta kwenye khanga, akatafuna. Uso ulimkunjamana.

"Chungu," alisema. "Mwambieni mkwe wangu alete nyingine."