Aliye Juu Apige Hodi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama katikati ya nepia, nyasi za mifugo za nyanya yangu, kule Mutuini pembeni mwa Nairobi, rimoti mkononi, droni ikivuma juu ya kichwa changu kama nyuki aliyepotea njia.

Nisamehe kukuita mwanangu. Sina hata unywele mmoja mweupe, na pengine nimekuzidi miaka sita tu. Lakini umeniomba nikufundishe kurusha, na katika kazi hii anayelijua kosa lake ndiye mkubwa. Kaa basi nikueleze la kwangu kabla hujagusa chochote.

Nilijifundisha peke yangu. Droni niliinunua Ngara, ya mtumba, kisha nikakaa nayo wiki tatu bila kuiwasha kwa sababu nilitaka kwanza nijue kila kitu. Nilikagua mapanga yake manne yanayoiinua, nikafunga begi, nikafungua tena nione kama kweli nimeyakagua. Droni ikikupa mgongo, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukutazama, kushoto kwako kunakuwa kulia kwake, na hapo ndipo mwanafunzi huipeleka mtini. Mimi niliipeleka mara mbili kwenye paa la banda la kuku. Na kila ilipoanguka nilitazama kwanza kama kuna mtu aliyeniona, ndipo nikaitazama droni.

Kibali cha kurusha nilikuwa nacho. Nilikifuatilia kwa miezi, fomu baada ya fomu, nikakiweka kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Nikadhani ruhusa zote nimekwisha kuzipata.

Wakati huo Bwana Karim, mpiga video za harusi wa Parklands, alikuwa anatafuta mtu wa droni. Hakutaka vyeti.

"Niletee dakika moja," aliniambia. "Moja tu, bila kukata, bila kutikisika. Jumatatu."

Dakika ya namna hiyo nilikuwa nimeikimbiza kwa miezi mitatu, hata kabla hajaniomba. Jumamosi ile niliipata. Droni iliinuka kutoka kwenye nepia, ikapita taratibu juu ya sukuma wiki, juu ya nyumba mpya za kupangisha, ikamalizia kwenye vilima vya Ngong vilivyojifunika ukungu. Macho yangu hayakutoka kwenye skrini hata mara moja. Nilipoishusha, picha haikuwa imetikisika hata kidogo.

Nikaingia ndani kuitazama. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mara ya tano ndipo nikaona. Sekunde ya arobaini, nyuma ya ploti, ile safu ya vyumba vya wapangaji, palikuwa na bafu la mabati lisilo na paa. Ndani yake mtu ameshika kopo la maji, uso ameuinua, ananitazama.

Nikuambie jambo la kwanza nililohisi, ingawa linanitia aibu kuliko mengine yote. Sikuona haya. Nilikasirika. Nilisema moyoni, ameniharibia picha.

Kisha nikaanza kujibembeleza. Ni mdogo kama punje ya mchele, nani atamwona? Nikaikuza picha. Nikaipunguza. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikaikuza tena.

Chai niliyojimiminia haikuwa imepoa lango lilipogongwa. Alikuwa Mama Auma, mpangaji wa ploti ile, muuza samaki pale stendi, nywele zake bado zikichuruzika maji na leso mbili mwilini. Nyuma yake alikuja Mzee Njoroge, jirani yetu, fundi wa mabati aliyestaafu.

"Wewe kijana wa Shosho," alisema Mama Auma, akimtaja nyanya yangu, "hiyo nzi yako ilikuwa inatafuta nini kwa bafu yangu? Sabuni?"

Mtu upande wa pili wa ua akacheka. Yeye hakucheka.

"Pole sana, Mama Auma. Ilikuwa inapita tu."

"Inapita? Imekuja pole pole kama askari wa kanjo wa jiji anavizia mama mboga! Nimemwaga maji yote nikitafuta leso. Niambie ukweli mbele ya Mzee. Ilikuwa inapiga picha ama haipigi?"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mchana kweupe.

"Haikuwa inarekodi, mama."

"Sawa," akasema. "Wewe ni mtoto wa kanisa. Huwezi nidanganya." Akaondoka. Laiti angenitukana.

Mzee Njoroge alibaki, mkono juu ya lango.

"Mimi sitakuuliza kama ilirekodi," alisema. "Nakuuliza kama ulisema."

"Kusema nini, guka?" nilimuuliza, nikimwita babu kwa heshima.

"Nimepiga mabati miaka thelathini. Kabla fundi hajakanyaga ngazi anaita, 'Fundi anapanda!' Anaita mara tatu. Watu wanafunika sufuria zao, anayeoga anamaliza haraka. Siku moja nilipanda kimya, nilikuwa na haraka. Mwalimu wangu akaondoa ngazi akaenda kula. Nikakaa juu ya mabati kuanzia saa saba hadi saa tisa, makalio yakiiva kama chapati. Aliporudi akaniambia, 'Aliye juu mngoje chini.'"

Nikacheka. Mzee akaningoja nimalize.

"Wewe huna ngazi ya kuondolewa," akasema. "Ndio maana nakuogopa."

Siku hiyo sikutulia. Nilianza kuosha vyombo nikaviacha na povu. Nilijaribu kuikata ile sehemu, lakini Bwana Karim alikuwa amesema bila kukata, na jicho lake lingeuona mshono. Nikajiahidi kwamba nitaituma kwake peke yake, kisha niifute. Nikajiahidi mengi.

Jumapili, nikitoka ibadani, nilimwona Mama Auma amesimama juu ya stuli, anafunga magunia juu ya bafu lake. Kulikuwa na jua kali, na mikono yake haikufika kona ya mwisho. Mtu aliyekuwa ameniamini alikuwa anajificha asionwe hata na mbingu. Miguu yangu ilitaka kupita njia ya nyuma. Sijui ni nini kiliigeuza.

"Mama Auma, nilikudanganya jana. Ilikuwa inarekodi."

Hakushuka. "Uko nayo wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Alijiangalia akiwa mdogo kama punje, kopo mkononi, akaziba mdomo kwa kiganja. Nilifuta mbele yake, kwenye simu, kisha kwenye kadi ya droni. Dakika yangu ya miezi mitatu ilikwenda kwa kidole kimoja.

"Na mahali pengine, iko?"

"Hakuna, mama."

"Sasa nimekuamini," alisema. "Lakini sijakusamehe. Hayo ni mambo mawili." Kisha akanitupia kamba. "Shika hiyo kona."

Alasiri hiyo nilipita lango kwa lango, nyumba zote ambazo droni ingepita juu yazo. Nilisema nitaruka saa kumi, dakika tano, na asiyetaka aniambie. Mmoja alikataa, nikabadilisha njia. Ilipofika saa kumi upepo ulikuwa umeamka, na mwewe akaifuata droni akidhani ni mgeni katika eneo lake. Picha ikatikisika katika sekunde ya ishirini. Ndiyo niliyompelekea Bwana Karim.

"Mkono umetetemeka," alisema.

"Ndiyo, bwana."

Kazi akampa mwingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikijirudia sekunde ya ishirini kichwani. Itakuwa uongo nikikuambia nilijisikia mwema. Nilijisikia mtu aliyeshindwa, na ilipita karibu mwaka mzima kabla ya mtu mwingine kuniamini na harusi yake. Mama Auma alinisalimia baada ya wiki mbili. "Niaje, mtu wa nzi," alisema, basi. Nilisimama njiani na furaha kama niliyepata mshahara.

Basi shika haya, mwanangu. Kibali cha serikali kinakupa anga. Ua wa mtu unaupewa na mwenyewe, kwa mdomo wako mwenyewe, langoni pake. Usiruke kimya. Anguka mbele za watu ukiwa bado unajifunza, kwa maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na anayeficha kila anguko huzoea kuficha hata asiyopaswa kuficha. Inua macho kutoka kwenye skrini. Na ukiona picha nzuri iliyomdhalilisha mtu, ifute kabla hujaitazama mara ya pili, kwani kila unapoitazama unapata sababu mpya ya kuihifadhi. Mimi bado najikagua mara tatu, bado nalala vibaya kabla ya kila harusi. Hilo sijapona, wala sitakuficha.

Sasa chukua rimoti. Mungu akupe upepo mpole na majirani wasioogopa kukukemea. Akupunguzie uoga wa kuonekana umekosea. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe miguu ya kufika kwa uliyemkosea kabla jua halijatua.