Stout Aliyoendesha Mama

Harufu ninayoikumbuka ni ya petroli iliyochanganyika na viazi mviringo vyenye udongo mbichi, na juu yake harufu ya moshi wa jikoni katika kitenge cha mama. Asubuhi ya mwezi wa saba kijijini kwetu, nje kidogo ya Mafinga, si mahali pa mchezo. Baridi inang'ata masikio, umande unaganda juu ya majani, na mtoto akitumwa maji anarudi hajui kama vidole alivyo navyo ni vyake. Sisi tulikuwa na pa kujificha. Tulikaa watatu mbele ya gari, baba kushoto, mimi katikati, mama kwenye usukani. Lilikuwa Toyota Stout, pikapu la rangi ya maziwa, limechubuka milangoni. Mama alikuwa akivuta choki, kile kitufe cha kuwashia injini yenye baridi, kwa vidole viwili, anapiga stata, gari linakohoa mara mbili, linawaka. Nilikuwa na miaka tisa. Naandika haya nikiwa na hasira, na anayetaka kumbukumbu tamu za utotoni akasome kwingine.

Baba alikuwa Mhehe mwenye kupenda masimulizi, na kuliko vita vya mababu alipenda kusimulia Toyota. Aliniambia kwamba watu wa kampuni ile hawakuanza na magari. Walianza na mitambo ya kufumia nguo, na mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa na akili yake: uzi ukikatika, unasimama wenyewe usije ukaharibu kitambaa. "Mtu aliyefikiria uzi ukikatika itakuwaje," alisema, "huyo mwachie akutengenezee na breki." Aliniambia kwamba Land Cruiser zilipoanza kuundwa, walizijaribu kwa kuzipandisha mlima mkubwa wa kwao Japani. Sijui aliyapata wapi, lakini nilipokuwa mtu mzima niliyatafuta nikakuta hakudanganya. Kabla ya hapo, alisema, gari lilikuwa Land Rover, na Land Rover ilikuwa ya serikali au ya wamisionari. Ikiharibika, inasubiri kifaa kutoka Dar, na Dar nao wanasubiri kutoka Ulaya. Toyota ilipokuja, ukikosa kifaa Makambako unakipata Mbeya, na fundi wa chini ya mti anaifungua na kuifunga kwa spana nne. Mwingereza katengeneza gari la bosi, Mjapani katengeneza gari la mkulima: huo ndio ulikuwa wimbo wa baba, na wanaume wa kilabuni waliucheka kisha wakaurudia kwa watu wengine kana kwamba ni wao walioutunga.

Sasa lipo jambo ambalo wanaume hao hao walilijua vizuri mno. Baba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, na miaka minne kabla ya kufa kwake hakuweza kutofautisha ng'ombe na kichuguu. Ndipo akampeleka mama kwenye uwanja wa mpira wa shule, siku za Jumamosi, akamfundisha gia kwa kusikiliza tu. "Injini inalalamika, badilisha," anamwambia. Mama, Mnyakyusa wa watu kutoka Ilomba aliyeletwa Uheheni na ndoa, alijifunza kwa wiki tatu. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayeendesha: viazi kwenda Mafinga, mahindi kwenda Iringa mjini, mbolea kurudi nayo. Baba alivaa kofia yake, akatoa mkono dirishani, na watu wote njiani walisalimia dirisha la kushoto. "Kamwene, mzee! Safari njema!" Dirisha la kulia kwao halikuwa na mtu. Mama alikuwa akicheka tu. Mimi nilikuwa nakasirika hata wakati ule, mtoto mdogo vile, na mama ananifinya paja ninyamaze.

Na asubuhi ya kila siku, kabla hajagusa ufunguo, alikuwa anateremka kisimani na ndoo, anarudi nayo kichwani, anafungua boneti na kuijaza rejeta maji taratibu. Ilikuwa inavuja kidogo kwa uzee. Kisha anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukitazama. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Ndiyo maana gari lilikuwa linaitika. Wanawake wenye uchungu walipelekwa hospitali na gari lile, na mama hakumwambia mtu hapana, hata siku tulipokuwa tumepakia viazi tayari na ikabidi magunia yashushwe. Tenda wema nenda zako, alikuwa anasema. Haya, wema alitenda. Zake alikwenda, lakini si kwa namna aliyotaka.

Baba alikufa mwanzoni mwa baridi. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa uani kwetu, wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Msemaji wa ukoo, mzee mmoja mwenye sauti nzuri, akaanza kutaja vitu vya marehemu. Mkuki wa babu. Koti la baridi. Nyengo ya kufyekea na shoka. Gari. Akavitaja vyote kwa pumzi moja, akasema ni vyombo vya kiume, na vyombo vya kiume haviachwi kwa mwanamke, vinafuata damu. Mama akapewa masufuria, godoro, kuku na jembe. Mkuki, koti, nyengo, shoka na gari vikaenda kwa Baba Mdogo, mdogo wake baba, mtu ambaye chombo cha magurudumu alichowahi kukiongoza maishani mwake kilikuwa baiskeli, na hiyo nayo ya kuazima.

Mama akainuka. Hakulia. Alisema, "Jamani, hii gari naendesha mimi, mwaka wa nne sasa. Ndiyo inayonilisha na huyu mtoto. Mmechukua vyote, sawa, lakini gari niachieni." Msemaji akamtazama kwa upole wa kuudhi, akauliza kama yupo mtu yeyote pale wa kusimama na kushuhudia kwamba mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akiendesha gari la marehemu. Eti ushahidi! Uani kulikuwa na watu wasiopungua sitini. Nusu yao walikuwa wamepanda gari lile wakamwona kwa macho yao akikanyaga klachi. Wapo wanawake pale waliobebwa wakipiga kelele za uchungu, wakarudishwa na watoto mikononi. Nilimtazama mmoja mmoja. Huyu ananyofoa ukindu wa mkeka, yule ananyonyesha mtoto asiye na njaa, mzee wa kanisa anasafisha miwani. Hakusimama hata mmoja. Tunaimba kwamba penye wazee haliharibiki neno. Loo! Mimi nimeona neno likiharibika mbele ya wazee kumi na wanane, wote wamekunywa chai yetu.

Kilichobaki ni ufunguo. Mama alikuwa ameujua mwisho wa kikao kabla hakijaanza, akanifungia ufunguo kwenye upindo wa sketi na kuniambia nisimpe mtu. Baba Mdogo hakumuuliza mama. Aliniita mimi. "Tusekile, mwanangu, njoo. Ufunguo wa baba yako uko wapi?" Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayempa mtoto pipi. Na mimi niliyelelewa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa, akidai hupewa, kwa mikono miwili na goti chini, nikafungua upindo, nikapiga magoti mbele ya watu sitini, nikampa. Mikono miwili. Wakanisifu! Bibi mmoja akasema huyu mtoto kweli kafunzwa. Nilimwangalia mama nikitegemea kipigo, na laiti angenipiga. Aliniambia tu, "Inuka, utachafua nguo." Hakuniuliza kwa nini niliutoa, siku ile wala siku nyingine yoyote, na mimi hasira yangu yote ya maisha robo yake ni ya kujikasirikia mwenyewe, nailipa mpaka leo.

Baba Mdogo alijifunza kuendesha kwa kugonga zizi la jirani. Lakini si hilo lililoliua gari. Gari lilikufa kwa sababu ya maji. Aliambiwa, na fundi wa Mafinga alimwambia kwa mdomo wake, kwamba rejeta hii imezeeka, inataka maji kila asubuhi. Akaitikia vizuri. Ila kuchota maji ni kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye gari lake anachotaje maji? Akawa anamngoja mkewe. Mkewe naye hakuwa ameambiwa, na hata angeambiwa, nani alishawahi kumruhusu kugusa boneti? Basi wakangojana, mume na mke, ndoo imelala tupu nyuma ya mlango, na gari linapanda mlima likiwa kavu. Siku ya gari kuchemka walisema mvuke ulionekana tangu barabara kuu. Badala ya kuzima akakazana afike, asionekane ameshindwa mbele ya abiria. Fundi alipofungua injini alikuta imepasuka. Alisema maneno ambayo mafundi wetu wote wanayasema, lakini yeye aliyasema akiwa na machozi: "Toyota haifi, mzee. Hii umeiua."

Wiki saba tu! Mama aliitunza miaka minne kwa ndoo ya kichwani, mwanamume akaimaliza kwa wiki saba kwa heshima yake. Ikasukumwa nyuma ya nyumba yake. Kuku wakatagia kwenye kiti, matairi yakakatwa yakawa ndala. Hakuna aliyeitisha kikao cha ukoo kuuliza chombo cha kiume kimepatwa na nini.

Sisi tulikwenda Mbeya, kwa mjomba, Ilomba. Mama akauza ndizi na maparachichi barabarani Iyunga, juani na mvuani, na malori na pikapu za Mbeya zikimpita kila dakika. Alikuwa hatazami, anasikiliza. "Hiyo choki imesahauliwa," anasema huku anapanga maparachichi. "Hiyo klachi inakwisha." Wanawake wenzake walimwona kama amechanganyikiwa kidogo. Tulikula, ndiyo, na nilisoma kwa kusuasua. Lakini hakukanyaga klachi tena. Nilipopata uwezo wa kununua gari nilimpelekea mlangoni, Hilux, nikampa nafasi ya usukani. Akashika kwa mikono miwili, akauachia, akateremka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kama ya baba. Akaniambia, "Ningeweza, mwanangu. Miaka ile ningeweza hata kwenda Zambia." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ukuta, mtu mzima na akili zangu.

Leo nina duka la vipuri vya Toyota Mbeya. Sikulifungua kwa upendo wa magari, nakiri. Nililifungua ili mwanamume yeyote wa nyanda hizi akitaka gasketi, lazima aje kuniomba mimi. Na wanakuja! Igawa, Chimala, Tunduma, wanatoka kote, kwa sababu barabara hii ni ya Toyota: IST kwa mwalimu, Noah kwa familia, Hilux kwa mwenye shamba, Land Cruiser kwa mkubwa, nyingi zimeshuka bandarini zikiwa na redio inayozungumza Kijapani na vibandiko tusivyoweza kuvisoma. Baba alisema kweli, lile ni gari la mtu wa kawaida. Lakini hata sasa anaingia kijana na ndevu zake tatu, ananitazama nimesimama kaunta na oili mkononi, anauliza, "Samahani, mama, mwenye duka yuko wapi?" Wengine nawajibu. Wengine nawauzia kwa bei ya kiburi chao.

Mwaka jana Baba Mdogo akafariki. Mama alisema tutakwenda, kwa sababu mama ni mtu bora kuliko mimi. Nikamwendesha hadi kijijini, tukakaa kwenye mikeka na wanawake. Jeneza likawekwa, kijana wa marehemu akapewa kipaza sauti asome wasifu. Alizaliwa, alibatizwa, alioa. Kisha akasoma kwa sauti ya kujivuna kwamba marehemu atakumbukwa kwa maendeleo, kwani alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji hiki kumiliki na kuendesha gari aina ya Toyota.

Nilisimama. Mama akanivuta kanga, "Kaa, mwanangu, ni msiba." Sikukaa. Nilisema, na sauti yangu haikuhitaji kipaza sauti, kwamba gari lile lilikuwa la baba yangu, na aliyeliendesha ni mama yangu huyu hapa, na kila mwenye nywele nyeupe hapa uani anajua. Watu wakainamisha vichwa. Wanaume wakaanza kukohoa. Msemaji mpya wa ukoo akaninyooshea mkono niketi, na hapo nikasikia mkeka unachakacha nyuma yangu. Mjane wa Baba Mdogo alikuwa anainuka kwa fimbo, taratibu. Akasema, "Ni kweli anavyosema. Aliendesha mama yake. Mimi alinipeleka kujifungua, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayesoma." Kijana alishusha karatasi. Mama akamgeukia yule bibi, akasema polepole bila ukali wowote, "Umechelewa, mwenzangu."

Basi nikiulizwa kama mambo yamebadilika, nasema yamebadilika. Siku hizi wasichana wanaendesha hadi malori, kadi ya gari inaandikwa jina la mwanamke, na mjane anaweza kwenda mahakamani. Na kijijini kwetu, pale ambapo watu sitini walijua na hakusimama hata mmoja, sasa amesimama mmoja. Imetuchukua zaidi ya miaka thelathini kumpata, na alikuja na fimbo.