Kimya Kabla ya Beti ya Mwisho

Wimbo wangu unaojulikana ni mmoja tu. Hupigwa kwenye bajaji za Ifakara, kwenye saluni, na mwaka jana niliusikia harusini, maharusi wakiingia nao ukumbini ingawa ni wimbo wa huzuni. Kabla ya beti ya mwisho gitaa linakatika, sauti inakatika, panakuwa kimya kwa mapigo manane. Mtangazaji mmoja wa redio alieleza kwamba kimya kile ni mpenzi wangu aliyekwenda jeshini Chita asirudi. Sikumsahihisha. Sijawahi kuwa na mpenzi Chita, ila maelezo yake yalipendeza kuliko ukweli, na ukweli ulinitia aibu.

Ukweli ni ndege. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa tu nyumbani, baba akanituma kuamia mpunga, kuufukuzia ndege, shambani kwetu Katindiuka. Kila alfajiri nilipanda dunguni, kijukwaa cha miti katikati ya shamba, nikashinda pale hadi jua lizame, nikivuta kamba yenye makopo ili kwelea wasitue. Asubuhi ukungu ulifunika bonde lote, mpunga ukapotea, nikaona kama dungu linaelea. Milima ya Udzungwa ilitokea kidogo kidogo, kama mtu anayeamka bila haraka. Sikujua saa zilikwenda wapi.

Nilikuwa nimeazima galatoni, gitaa lisilo la umeme, kutoka kwaya ya kigangoni. Ukivuta kamba, vikopo vya nyanya vya karibu hulia kwanza, kisha vya maziwa, mwisho debe kule ukingoni, kwa sauti nzito. Huo ndio mwanzo wa wimbo wangu: uzi mwembamba, kisha mnene, kisha mnene zaidi, vidole vikishuka polepole. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, hivyo niliibana shingo ya gitaa kwa penseli na kipande cha mpira wa baiskeli ili tuni ipande. Nilijua mikao minne tu ya vidole, na mpaka leo wimbo haujapata wa tano.

Alasiri moja beti ya mwisho ikanijia yote kwa mkupuo. Nilifumba macho nisiipoteze. Nilipoyafumbua, mpunga ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia kwa ndege. Nilipigwa na butwaa, mkono mmoja hauko kwenye nyuzi, mwingine hauko kwenye kamba. Nilipokuja kuvuta, waliruka kama makapi kwenye ungo, wakaacha masuke matupu nusu ya shamba.

Baba hakunichapa wala hakufoka. Alizunguka shamba mikono nyuma, akapanda dunguni, akaitoa kamba mkononi mwangu. Tangu siku ile hakunituma tena kuamia. Mchuma janga hula na wa kwao: mwaka ule sisi wakulima wa mpunga tulikula ugali, na hakuna aliyelitaja jambo lile. Ningependa fimbo mara mia. Fimbo huisha, lakini mimi kila msimu nilimwona baba akienda shambani peke yake, magoti yanamuuma, nami niko nyumbani na mikono yangu miwili mizima.

Miaka ikapita, nikaingia studio. Prodyuza aliongeza gitaa la besi kwenye beti ya pili na dramu kwenye ya tatu, ndiyo maana wimbo unaanza kama bembelezo la mtoto na kumalizika kama roki. Alitaka kimya kile nacho akijaze dramu. Nilikataa, tukagombana, nikatishia kuondoka na gitaa langu. Sikumwambia sababu.

Msimu huu nilimpelekea baba chakula dunguni, gitaa mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Panda." Alinitengea nafasi. "Vijana wa bodaboda wanapita na wimbo wako hapo barabarani. Pale unaponyamaza, pana nini?"

Nilitamani kumpa yule mpenzi wa Chita.

"Pale ndipo nilipofumbua macho, baba. Nikawakuta ndege."

Aliugeukia mpunga. Nilimwogopa kama siku ile ile.

"Haya, imba," akasema.

Niliimba, safari hii macho wazi. Kimya kilipofika, baba akavuta kamba. Vikalia vikopo vya nyanya, vya maziwa, na debe la mwisho kule mbali, na mapigo manane yakawa yameisha. Niliimba beti ya mwisho, makopo bado yanabembea.

Nilipomaliza, baba alinishikisha kamba.

"Shika. Mimi nakwenda kula."

Nikaliegemeza gitaa kwenye nguzo, nikaikamata kamba kwa mikono miwili. Baba alikula, akanawa, akajinyoosha kivulini chini ya dungu. Haukupita muda nikamsikia anakoroma.