Bodi ya Mfano

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya Kawangware, fomeni alinipa mita ya umeme na kuniambia nisimwamini mtu. Tulikuwa tunaunda bodi za redio, nami nilipima kila rezista, kile kidude kinachopunguza umeme, kabla bodi haijatoka. Ushauri wa fomeni niliushika kupita kiasi.

Katikati ya miaka ya tisini meneja alileta kompyuta ya mitumba. Iliunganishwa na sahani yenye sindano nyingi. Ukilaza bodi juu yake, sindano ziligusa viungo vyote kwa pamoja, na kioo kikasema nzuri au mbovu. Niliichukia papo hapo. Lakini ilibidi kwanza ionyeshwe bodi moja nzima ya mfano, kisha ilinganishe nyingine zote na hiyo. Fomeni aliniambia nichague, nikatoa niliyoitengeneza mwenyewe. Za wenzangu sikuziamini.

Wiki nzima, mita yangu ikiwa imewekwa kando, kompyuta ilikataa kazi ya Nafula, mama wa Sarang'ombe aliyelehemu rezista zote. Fomeni alininong'oneza kwamba huenda anauza zile halisi na kuweka za ovyo. Nikakubali, hata nikawa namchungulia mkoba. Naona aibu kusema hivyo. Ijumaa akaitwa mbele ya meneja afutwe kazi, na watoto wake watatu walimtegemea yeye tu.

"Mimi sibishani na mashine," Nafula alisema. "Lakini si mpime pia hiyo ya mfano?"

Nilichukua mita ili nimnyamazishe. Rezista ya tatu ya bodi yangu ikatoa kipimo kisicho sahihi. Hapo nikakumbuka kwamba siku niliyoitengeneza rezista za kiasi hicho zilikuwa zimeisha, nikaweka ya kiasi cha karibu, vile tulivyozoea sisi mafundi wa jua kali, kuganga kwa kilichopo. Redio ikaimba vizuri, nikasahau. Nyani haoni kundule.

Ningeweza kunyamaza. Meneja hakujua kusoma mita, wala fomeni hakuwa amesogea kuiona. Nafula alikuwa ananitazama mikono.

"Kosa ni langu," nikasema.

Nilikaripiwa vikali, naye Nafula akarudi mezani kwake kulehemu.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama kompyuta zilituharibia kazi. Nawaambia ile ilifanya nilivyoifundisha. Nafula na mimi tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, tukasalimiana vizuri kila asubuhi. Ila hakuwahi tena kuniachia bodi na kuondoka. Alisimama pale, mikono kifuani, mpaka nimalize kupima.