Fimbo Ndefu ya Baba Mkwe

Wenzangu, kuna aibu za kupita na kuna ile yangu ya Jinja, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso kwa mikono hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nilikuwa natafuta mke. Msichana mwenyewe, Zamu, alishakubali, ila alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Ramadhani wa Walukuba, hapo Jinja, mwanajeshi mstaafu, mrefu wa kuinama kila mlangoni, na huyo ndiye angesema ndiyo au hapana. Basi akaniita tucheze gofu kabla wazee wangu hawajaenda kuposa. (Alisikia nacheza Mbale. Nilihakikisha amesikia.)

Sasa mimi ni mfupi, hilo mnaliona. Fimbo yangu ya gofu ilikatwa na fundi wa kuchomelea kule Namatala, ikawa fupi kama mwiko wa ugali, na kwa fimbo hiyo, wallahi, nilikuwa napiga vizuri: nasimama karibu na mpira, naishusha mara moja, mpira umekwenda. Lakini asubuhi ile nikaitazama nikaona haya, mkwe atasemaje akiona kijiti hiki? Nikaiacha nyumbani Nkoma, hapo Mbale, nikaenda Jinja mikono mitupu.

"Kijana, shika yangu," akasema Mzee. "Lakini iko refu. Utaweza?"

"Afande, mimi nimezoea refu kupita hii."

Mdomo huu!

Fimbo ndefu, jamani, inataka usimame mbali, inakuzunguka kwa upana kama unafyeka majani, na kichwa chake kinachelewa kufika. Mimi nikaizungusha kwa haraka yangu ya Mbale, kiuno kikamaliza safari, mabega yakamaliza, kichwa cha fimbo bado kiko nyuma kinakuja. Kikachimba udongo. Mpira haukutikisika.

"Toka karibu na mupira. Pole pole, ngojea fimbo," Mzee akanielekeza.

Mwenye akili angengoja. Mimi niliona wakwe waliokuja kunitazama, wako barazani pa klabu wanakunywa chai, shangazi wawili na sheikh wa familia, wote macho kwangu, nikaongeza nguvu. Safari hii niligusa mpira kwa ncha ya fimbo, ukaruka kando mpaka barazani, ukapiga birika, na chai ya maziwa yote ikamwagikia kanzu nyeupe ya sheikh (ndiye angenifungisha ndoa).

"Subhanallah!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Huyu ndiyo bwana harusi?"

Mzee akaichukua fimbo yake mkononi mwangu, taratibu. Nilirudi Mbale nikijua nimempoteza Zamu, na niliumia kweli, hapo sifanyi mzaha.

Jioni Zamu akapiga simu. "Baba amekubali."

"Amekubali? Baada ya vile?"

"Anasema mwanaume ambaye akidanganya anashikwa hapo hapo, huyo hana hatari. Nitaishi na wewe salama."

Basi kwa sifa hiyo nimeoa. Na siku hizi mtu akiniuliza kama nitaweza kitu, hata kufungua soda, nasema kwanza nikione.